Nilivyong'arisha Meno ya Dada Yangu

Juma lililopita nilimfokea mjukuu wangu wa kike mpaka akaondoka kwangu analia. Kosa lake lilikuwa dogo. Alikuja na kichupa cha dawa ya kung'arisha meno alichonunua mjini, akaniuliza, "Babu, wewe ulikuwa mtu wa hospitali. Hii ni salama?" Nikamnyang'anya kichupa, nikakirusha kwenye migomba, nikamwita mjinga na maneno mengine ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kumwambia mtoto. Mama yake amenuna mpaka leo, na ana haki ya kununa. Nimejaribu mara mbili kumweleza mjukuu wangu yule kwa mdomo, nikaishia kuzungumza habari za mvua. Basi naandika.

Nianze na lililo gumu, nisije nikalizungukazunguka kama kawaida yangu. Dada yangu aliharibiwa meno, na aliyeyaharibu ni mimi. Si mganga, si mzungu, si shetani. Ni mimi, kwa pamba na asidi, na nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kuoa.

Mimi nilizaliwa nyumbani, upande wa Mosocho, karibu na mji wa Kisii. Nilipokuwa na miaka mitano hivi, wazazi wangu walikwenda kufanya kazi katika shamba la mzungu mmoja karibu na Nakuru, kama walivyokwenda watu wengi miaka ile ya thelathini. Mimi waliniacha kwa nyanya yangu ili nisome kwa wamisheni. Dada yangu alizaliwa huko huko shambani, akalelewa kwa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Waliporudi alikuwa na miaka kumi. Siku ya kwanza kuniona alinicheka, kwa kuwa kaptura yangu ya shule ilikuwa na viraka viwili vikubwa matakoni, vya rangi tofauti. Alicheka mdomo wazi, akainama, akajishika magoti. Ndipo nilipoyaona meno yake. Yalikuwa ya kahawia, rangi ya uji wa wimbi uliopoa, yote ya mbele, juu na chini.

"Mbona huyu meno yake yameoza?" nilimwuliza mama, mbele ya yule mtoto.

Hilo ndilo neno la kwanza alilolisikia kutoka kwa kaka yake. Akafunga mdomo. Toka siku ile mkono wake wa kushoto ulikuwa unapanda wenyewe mdomoni kila alipotaka kucheka, na alikuwa mtu wa kucheka sana, kwa hiyo mkono ule haukupumzika.

Na meno yenyewe hayakuwa yameoza hata kidogo. Alikuwa anamenya muwa kwa meno yale upesi kuliko mvulana yeyote wa kijiji chetu. Alivunja mifupa ya kuku akafyonza. Sikumbuki hata siku moja alipolia kwa sababu ya jino, ilhali mimi mwenye meno meupe niling'olewa gego nikiwa darasa la nne na kijiji kizima kikanisikia. Lakini watu hawatazami kama jino linauma. Wanatazama rangi.

Majirani walisema hapigi mswaki. Loo, watu wana midomo! Msichana yule alisugua meno yake asubuhi na jioni mpaka nikawa namwonea huruma. Alisugua kwa kijiti kilichotafunwa ncha, alisugua kwa majivu, kwa mkaa uliosagwa, kwa unga wa lile jiwe laini linalochongwa Tabaka, kwa mchanga wa mtoni mpaka ufizi ukatoa damu. Rangi haikusogea. Wengine wakasema mama alikula kitu cha mwiko alipokuwa na mimba yake. Wengine hawakusema kitu, ila walimtazama, wakatazamana.

Tulikuwa Wasabato. Dada yangu alipenda kuimba kuliko kula, na sauti alikuwa nayo, lakini kanisani aliimba midomo imebana, kama mtu anayepuliza moto. Mwalimu wa kwaya alimkaripia kila Sabato. "Fungua mdomo, binti!" Hakufungua.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Kwetu wakati ule kaka na dada walifungwa pamoja kwa ng'ombe. Ng'ombe walioletwa nyumbani kwa ajili ya dada ndio waliopelekwa kwa watu wa yule msichana aliyetakiwa na kaka. Nyumba yetu ilikuwa na mvulana mmoja na msichana mmoja, na zizi la baba lilikuwa na ndama wawili na fahali mmoja mzee asiyefaa hata kulima. Asipoolewa dada yangu, mimi sioi. Jambo hilo halikuhitaji kusemwa. Lilikaa nasi mezani kila siku.

Alipofika miaka kumi na saba, mshenga wa kwanza alikuja. Esigani, ndivyo tunavyomwita kwetu, mtu wa kati anayepeleleza ukoo na tabia na magonjwa ya nyumba kabla watu hawajasogeleana. Alipeleleza vizuri, akaridhika. Kisha shangazi zake yule kijana aliyemtuma wakaja kumwona msichana. Dada yangu alileta ugali na mboga, akapiga magoti, akasalimu na macho chini. Wale akina mama wakaanza kumchekesha makusudi. Walisimulia kisa cha mtu aliyefukuzwa na jogoo, wakakirudia, wakaongeza chumvi, mpaka msichana wa watu akashindwa. Alicheka. Mkono ulikuwa umeshika bakuli la maji, haukuwahi kupanda.

Wale akina mama wakaacha kisa chao. Walimaliza kula kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao, hawakurudi. Mwaka uliofuata likaja kundi la pili, na mambo yakawa yale yale. Baada ya hapo baba aliacha kuzungumza naye isipokuwa kumtuma, na mimi, nakiri, nilianza kumchukia kidogo.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya dresa katika zahanati ndogo njiani kuelekea Nyamira. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vidonda, kugawa dawa ya malaria, na kung'oa meno. Nilipewa koti jeupe lenye mifuko miwili. Nikavimba kichwa, jamani! Watu walioshuka milimani na majipu yao waliniita daktari, na mimi sikuwasahihisha. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya tiba, kimoja hakikuwa na kurasa za mwisho, nikajiona nimemaliza elimu yote.

Na nilikuwa na mchumba upande wa Nyakoe. Sitasema mengi juu yake, kwa sababu baadaye alikuja kuwa mke wangu kwa miaka hamsini na kitu, na hakupenda kusemwa. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniita nyumbani kwake, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia, "Kijana, nakupenda. Lakini kuna mtu wa pili anayetaka kuleta ng'ombe. Nitangoja mpaka wimbi livunwe. Likishavunwa, usinilaumu." Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani roho ikiwa juu. Wimbi lilikuwa limeshaanza kuinama shambani.

Hapo hapo, mshenga wa tatu akatokea. Safari hii alitumwa na mwalimu wa shule, kijana wa upande wa Nyamira, ambaye alimwona dada yangu sokoni Nyakoe akiuza ndizi. Mshenga alisema kijana amekata shauri, hataki mwingine. Yaliyobaki ni mama yake tu, naye atakuja baada ya majuma matatu kumwona msichana kwa macho yake mwenyewe. Mama yangu aliposikia hivyo alikwenda jikoni akakaa peke yake.  Dada yangu alichukua kijiti chake na mchanga wake, akashuka mtoni.

Katika juma lile nilitumwa mjini Kisii kupeleka jiko la mafuta ya taa la zahanati lililovuja. Kulikuwa na fundi wa mabati pale, mtu wa ziwani, mwenye kibanda kilichojaa taa na sufuria za watu. Kabla ya kulehemu alichukua chupa ndogo, akachovya unyoya wa kuku, akaupitisha juu ya kutu. Kutu ikatoa povu, ikachemka bila moto. Akafuta kwa kitambaa. Chini yake bati likatokea jeupe, linang'aa, utadhani limetoka dukani.

Nilisimama pale nimeduwaa. Kutu ile ilikuwa ya kahawia, rangi ile ile.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Asidi. Usiguse, itakuchuna mkono."

"Inakula kutu tu, au inakula na bati?"

Yule fundi akacheka. Alikuwa hana meno sita ya mbele chini, kwa kuwa kwao zamani yaling'olewa utotoni kama desturi, na alicheka bila kuficha pengo lake, kwa raha zake. "Ndugu yangu," akasema, "ikimaliza kutu itakula bati. Yenyewe haijui kutu ni ipi na bati ni lipi. Ndiyo maana mimi napaka mara moja, nafuta."

Nikamwambia nataka kidogo kwa kazi ya zahanati. Aliniuliza kama ni ya kusafishia chombo. Nikasema ndiyo, ni ya chombo. Akanimiminia katika kichupa cha dawa ya macho, akanionya tena niwe mwangalifu, nikamshukuru, nikaondoka nacho mfukoni mwa koti langu jeupe. Sikuuliza swali lingine hata moja. Maneno yale ya fundi ndiyo niliyoyahitaji yote, nami niliyasikia vizuri. Nilichofanya ni kuyachukua yale niliyoyapenda nikayaacha mengine kibandani pale.

Nilichanganya na maji kwa kipimo changu mwenyewe. Nilinusa tu, harufu ikanikaba koo, nikaongeza maji kidogo. Nilimwita dada yangu nyuma ya jikoni mchana, mama akiwa shambani. Nilimweleza kwamba ni dawa ya hospitali.

"Wazungu wanaitumia?" akaniuliza.

"Wanaitumia," nikasema.

Sikujaribu kwanza kwenye meno yangu. Hilo nalo naliandika.

Nilikausha meno yake kwa kitambaa, nikafunga pamba kwenye njiti, nikachovya, nikapaka. Meno yakatoa povu jeupe dogo dogo. Alishika sketi yake kwa mikono miwili. Nikahesabu mpaka thelathini, nikamwambia asukutue. Alipotema, maji yalikuwa na uwekundu, kwa kuwa tone liligusa ufizi. Nikamfuta mdomo, nikampa kioo changu cha kunyolea.

Aliyatazama kwa muda mrefu sana. Kahawia ilikuwa imefifia, ikawa kama chai iliyotiwa maziwa mengi. "Kaka," akasema, "haya ni yangu?" Kisha akalia, akacheka, akanikumbatia, jambo ambalo kwetu msichana aliyekua namna ile hamfanyii kaka yake. Nilijisikia mimi ndimi daktari kweli kweli. Hata sasa nikikumbuka dakika ile moyo wangu unaruka kabla haujaanguka.

Kama ningeacha pale, pengine ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini majuma mawili na nusu yalibaki, na chai ya maziwa haikunitosha. Nilimpaka tena baada ya siku nne. Nikampaka mara ya tatu. Mara ya tatu ilipopita alikuja akaniambia, "Kaka, maji ya mtoni yananichoma meno mpaka kichwani."

"Ni dawa inafanya kazi," nikamjibu. "Vumilia."

Mara ya nne alitikisa kichwa. Alisema yametosha, tayari ni meupe, tuache. Kweli yalikuwa meupe, ila pembeni kulikuwa na doa moja dogo la kahawia kwenye jino la juu la kulia, nami nikaliona doa lile kama mlima. Nikamwuliza kama anataka mama yule alione. Nikamwuliza kama anataka kuzeeka nyumbani. Kisha nikamshika kidevu. Alikuwa na nguvu, angeweza kunisukuma nikaanguka. Hakunisukuma. Alifumba macho akafungua mdomo.

Sabato iliyofuata aliimba. Jamani, aliimba! Alifungua mdomo wote, kichwa juu, na sauti ile aliyokuwa ameifungia miaka minane ikatoka ikajaa kanisa, mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka. Mwalimu wa kwaya alisahau kupunga mikono. Mama alilia machozi waziwazi. Mimi nilikaa upande wa wanaume nimejaa fahari, nikahisi kila mtu ananitazama mimi.

Mama yake yule kijana mwalimu wa shule alikuja, akachekesha, akachekewa. Aliondoka ameridhika. Ng'ombe wakaja. Baba yangu na wajomba wakaenda kuwapokea, na kama ilivyo desturi wakawafungua midomo mmoja mmoja kutazama meno, wasije wakapewa ng'ombe wazee. Walimkataa mmoja. Mimi nilikuwa pale, nimesimama na fimbo yangu, nikiwatazama wazee wetu wakiingiza vidole vinywani mwa ng'ombe wa watu, wakitafuta udanganyifu. Wimbi lilivunwa juma lile lile. Ng'ombe hawakulala kwetu siku nyingi, walipelekwa Nyakoe, nami nikaoa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa ya dada yangu nilimwona mara mbili, nikaridhika kwamba ni mzima. Nilikuwa na mke mpya, nani ana habari na dada? Nilisikia tu mama mkwe wake akimlalamikia mtu kanisani, kwa utani, eti mkwe wake anapasha moto maji ya kunywa kama bibi wa kizungu. Watu wakacheka. Mimi nilijitia sijasikia.

Kilichomficha dada yangu ni adabu yetu yenyewe. Kwetu mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe wake, wala hazungumzi naye habari za mwili, wala hasimami karibu naye. Tunaita chinsoni, haya baina ya mzazi na mwana, na tulilelewa nayo tangu utotoni. Basi alikula nyumbani mwake peke yake, mume akiwa shuleni, na hakuna aliyeona kwamba analoweka ugali katika maji ya vuguvugu kama chakula cha kikongwe. Hakuna aliyeona kwamba muwa hagusi. Baba mkwe ndiye aliyekuwa na neno pale nyumbani, ndiye ambaye angesema apelekwe hospitali kubwa, na kwake yeye mdomo wa mke wa mwanawe ulikuwa kitu kisichotajika.

Mwaka wa pili alikuja zahanati na mtoto mgongoni. Shavu lilikuwa limevimba jicho likafungwa nusu. Nilimfungua mdomo. Weupe ulikuwa umekwisha, meno yamekuwa ya manjano, kingo zimelika nyembamba kama ukucha, mawili ya juu yamemeguka, na juu ya moja kuna jipu. Niligusa jino kwa ncha ya kifaa, kidogo tu, akaruka kwenye kiti na mtoto akaamka.

Nilijua. Sikuhitaji kitabu.

Nilipasua jipu, nikampa vidonge, nikampaka mafuta ya karafuu. Nilifanya yote hayo bila kumtazama machoni. Mwishowe nikamwuliza, "Umewaambia ni nini?"

"Nimewaambia ni mimi mwenyewe," akasema. "Nimesema niliyasugua kwa mchanga na jiwe la Tabaka kabla mama mkwe hajaja kunitazama."

"Kwa nini uliwaambia hivyo?"

Alinitazama kama anamtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Kaka, wakijua ni wewe, watasema mliwapa msichana mbovu mkampaka rangi. Watataka ng'ombe wao. Na ng'ombe wao wako wapi? Wako Nyakoe. Mke wako ana mimba ya miezi saba. Unataka arudishwe kwao na tumbo lile?"

Nikamwambia twende hospitali kubwa, tuwaeleze madaktari kilichopakwa, huenda wana dawa. Akasema huko wataandika, na yaliyoandikwa husomwa, na mume wake ni mwalimu, anasoma. Akafunga mtoto wake mgongoni, akaondoka. Nami nikamwacha aende. Ningeweza kumkimbilia. Barabara ilikuwa nyoofu, nilimwona mpaka alipopotea kwenye kona ya mikaratusi.

Miezi michache baadaye daktari mmoja mzungu alipita kukagua zahanati. Nilimwuliza kijanja, nikijifanya nina mgonjwa mmoja, mtu aliyekulia mashamba ya Nakuru, mwenye meno ya kahawia. Nini dawa yake? Alikuwa anaosha mikono, hakugeuka hata kidogo. Alisema ni maji ya visima vya kule, yana madini mengi, mtoto akiyanywa meno yanaota na rangi hiyo. Akasema mengi ya namna ile ni magumu, hayaozi upesi, na mtu anaweza kuzeeka nayo. "Mwambie mgonjwa wako ayaache kama yalivyo," akasema, akadai taulo. Nilimpa taulo.

Meno ya dada yangu hayakungoja uzee. Alipofika miaka ishirini na minne yale ya juu ya mbele yalikuwa visiki, mengine ya chini hivyo hivyo, na majipu yalifuatana, homa kila mwezi. Kuimba aliacha. Kanisani alikaa kiti cha nyuma na leso mdomoni, mkono wa kushoto juu ya leso. Mume wake hakumfukuza, hakuoa mke wa pili, ingawa mama yake alimsema sana. Mume huyo alikufa miaka mingi baadaye bila kujua lolote. Dada yangu alimfuata, na mke wangu naye ametangulia. Nimebaki peke yangu ninayejua, na mpaka juma lililopita nilidhani nitakwenda nalo kaburini.

Nirudi nyuma kidogo. Siku ya kuyang'oa walikuja pamoja asubuhi, yeye na mume wake. Dresa mwenzangu alikuwapo siku ile, nilimwomba afanye kazi hiyo yeye. Dada yangu akakataa. Akasema anamtaka kaka yake.

Dawa ya ganzi ilikuwa haba, nikampa yote iliyokuwapo na haikutosha. Mume wake alisimama nyuma ya kiti akamshika mabega. Nilianza na la juu la kulia, lile la doa. Koleo liliposhika, jino likapasuka, nikalitoa vipande vipande. Hakulia. Miguu yake tu ndiyo iliyosogea sakafuni. Nikatoa la pili, la tatu, la nne. Nikashuka chini. Nilipomaliza, kwenye sahani ya bati kulikuwa na visiki kumi, na jasho lilikuwa linanidondoka puani. Nikakunja pamba safi, nikamjaza mdomoni, nikamwambia aume.

Mume wake alikuwa anaitazama sahani. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto.

"Unajua, shemeji," akasema, "mimi niliyaona meno haya kabla ya mshenga kuja kwenu. Pale sokoni Nyakoe. Mzungu mmoja alianguka na baiskeli yake kwenye matope, na huyu akacheka mpaka akasahau kuweka mkono. Niliyaona yote, ya kahawia. Nikasema moyoni, huyo huyo. Sikumwambia mama, kwa kuwa mama ni mama. Lakini mimi niliyaona nikayataka hivyo hivyo."

Nilifuta koleo kwa kitambaa.

"Laiti ningalijua anayasugua kwa mawe," akaendelea. "Ningetuma mtu aje amwambie aache. Lakini mimi nilikuwa mbali, shemeji. Wewe ndiye uliyekuwa karibu, na ni mtu wa dawa. Najua ungemwona akifanya hivyo, ungemkataza."

Dada yangu aliinua macho akanitazama. Nilikuwa bado nimeshika koleo.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Ningemkataza."

Akaendelea kunitazama hivyo hivyo, na pamba niliyomtia ikiwa mdomoni.